KIWANDA HAKIFI KWA UVIVU WA WABANGUAJI

Ndugu Wanachama, Ndugu Wanakijiji,

 

Mkutano Mkuu wa Chama chetu umekaribia, na katika ajenda zake ipo moja ambayo hatuwezi kuiacha ipite kimya kimya. Kampuni ile iliyopanga ghala letu kubwa na kubangulia korosho humo imeandika barua. Mkataba wake unakwisha, inataka uongezwe miaka mitano mingine. Hilo peke yake si kosa. Mpangaji ana haki ya kuomba. Lakini barua ile ina maneno mengine. Inasema kazi imedorora, korosho zinavunjika mno, faida imeshuka, na sababu yake ni moja tu: eti wabanguaji wa hapa ni wavivu, watoro, hawana nidhamu ya kazi. Kwa hiyo kampuni ikiongezewa mkataba inakusudia kuleta watu wake kutoka mbali.

Wavivu! Mwanamke wa Uwanda wa Makonde ni mvivu? Mwanamke anayeamka alfajiri akapange foleni ya maji, akapalilia mihogo na mbaazi, akafagia chini ya mikorosho, akaokota, akaanika, akachambua, akapika, halafu saa moja asubuhi yuko getini anasubiri kufunguliwa? Kama huyo ndiye mvivu, basi tunaomba tuonyeshwe mchapa kazi anafananaje.

Sisi wa Kamati ya Elimu tunasema hivi. Kazi imedorora, ni kweli, wala hatubishi. Korosho zinavunjika, ni kweli. Lakini ugonjwa hauko mikononi mwa wabanguaji. Ugonjwa uko ofisini. Na kabla hatujanyoosha mikono kupiga kura, inatupasa tuuelewe ugonjwa huo, maana uliwahi kuua viwanda vikubwa kuliko hiki, hapa hapa kwetu, Newala na Masasi.

TULIANZAJE, TUMEFIKAJE

Wote tunakumbuka msimu wa kwanza wa kampuni hii. Meneja wa wakati ule alikuwa anaingia asubuhi kabla ya watu wake. Anapita meza kwa meza, anawaamkia mama wakubwa, anauliza: jana kulikuwa na shida gani? Mzani ulikuwa katikati ya ukumbi, kila mtu anaiona namba kwa macho yake. Wasimamizi walikuwa akina mama wenyewe waliotangulia kuijua kazi. Glavu zilikuwapo, majivu na mafuta ya kupaka mikononi yalikuwapo. Mwenye mtoto mchanga alitoka kwenda kunyonyesha bila kununiwa. Jumamosi ilikuwa siku ya malipo, na Jumamosi haikugeuka kuwa Jumatatu.

Si kwamba fedha zilikuwa nyingi, hapana. Lakini watu walifanya kazi kwa moyo. Mama akiona gunia lina unyevu alisema, na aliposema alisikilizwa. Fundi akisikia mashine inalia vibaya aliisimamisha, na hakuna aliyemfokea.

Leo je? Meneja wa sasa anakaa mjini. Akija, anakuja na gari vioo vimepandishwa, anaingia ofisini, anatoka, anaondoka. Wasimamizi wapya ni shemeji wa huyu na mpwa wa yule, hawajabangua hata ndoo moja tangu wazaliwe, lakini kufoka wanajua. Mzani umehamishiwa chumbani, mlango umefungwa. Mama anapeleka ndoo yake, anarudishiwa kikaratasi. Glavu sasa anajinunulia mwenyewe. Malipo ya Jumamosi yakawa ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukawa "subirini kwanza mzigo uuzwe". Aliyeuliza aliambiwa maneno mawili tu: "Kesho usije." Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna kikao.

Sasa hebu tuulizane. Jirani yako ameuliza habari ya mzani akaambiwa kesho usije. Na wewe utauliza? Huulizi. Unainamisha kichwa, unabangua, unanyamaza. Basi siku ile watu waliponyamaza ndiyo siku kiwanda kilipoanza kufa. Mashine bado zinalia, moshi bado unatoka, malori bado yanapakia, lakini kifo kimekwisha kuingia.

KOROSHO INAVUNJIKAJE?

Kampuni inasema korosho zinavunjika kwa sababu wabanguaji hawako makini. Haya, tulijibu jambo hili kitaalamu, maana katika kijiji hiki hakuna wa kufundishwa korosho ni kitu gani.

Kwanza, ukubwa. Korosho kabla ya kubanguliwa lazima ichekechwe, kubwa zikae kwao na ndogo kwao, kwa sababu kisu cha mashine kinapangwa kwa saizi moja. Ukichanganya, ile ndogo kisu hakiifikii vizuri, na ile kubwa kisu kinapita ganda mpaka kwenye kiini. Akina mama wametuambia kwamba kuchekecha kumepunguzwa ili kuokoa vibarua. Nani aliamua hivyo? Ofisi.

Pili, kuni. Korosho huchemshwa kwa mvuke ili ganda lilegee na lipasuke sawasawa. Muda ukipunguzwa, ganda linabaki gumu, mbanguaji inambidi atumie nguvu, na nguvu inavunja. Muda umepunguzwa ili kuokoa kuni. Nani aliamua? Ofisi.

Tatu, kupumzisha. Korosho ikitoka kwenye mvuke inatakiwa ilale, ipoe, ikauke ndipo ipelekwe mezani. Siku hizi inapelekwa ingali na joto kwa sababu mzigo unadaiwa haraka. Nani anadai? Ofisi.

Nne, mikono. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayounguza ngozi. Kila mtoto wa huku aliyewahi kuchoma korosho kwenye debe anayajua. Mtu ambaye vidole vimebabuka hawezi kukishika kiini kwa ulaini. Glavu na majivu vimeondolewa. Na nani? Ofisi.

Tano, ujuzi. Akina mama hodari, wale wa msimu wa kwanza, wamekwisha kuondoka mmoja mmoja kwa sababu ya matusi na malipo ya kusogezwa. Wamerudi kwenye ming'oko na mihogo yao. Mezani wamebaki wanafunzi wanaosimamiwa na wasiojua. Nani aliwafukuza walimu? Ofisi.

Haya ni mambo matano, na yote yameamuliwa ofisini. Halafu mzigo ukifika kwenye ule mzani wa chumbani, vipande vikaonekana vingi, anayekatwa fedha ni mama! Yaani kuni amebana mwingine, na anayelipa kuni ni mama. Hii ndugu zangu si nidhamu ya kazi. Huu ni unyonyaji, hata kama umevaa tai.

Tena ni unyonyaji usio na akili hata kwa mwenye mali mwenyewe. Kwa kawaida kilo nne za korosho ghafi hutoa kama kilo moja tu ya viini, na kiini kizima cheupe kina bei ya juu kuliko kipande. Meneja akiokoa mzigo wa kuni huku akigeuza viini vizima kuwa vipande, ameiibia kampuni yake mwenyewe. Hasara inapoonekana kwenye vitabu, anatafuta wa kumbebesha. Mchonga mpingo asiye na subira hulaumu tezo.

VIWANDA VYETU VYA ZAMANI VILIKUFAJE?

Vijana mliozaliwa juzi, tusikilizeni. Kubangua korosho si jambo lililokuja na kampuni hii. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 nchi yetu ilikopa fedha Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa, vikafika 12 pamoja na vile vya mwanzo: Newala viwili, Masasi, Mtwara na Likombe, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Kibaha, na Dar es Salaam. Mashine zilitoka Italia na Japani. Kwa pamoja viwanda hivyo viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Wazee wanakumbuka king'ora cha asubuhi na watu waliovaa sare za kazi.

Vimekwenda wapi? Msimu wa 1973/74 nchi nzima ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Viwanda vilikamilika wakati korosho zinakwisha! Vikafungwa kimoja baada ya kingine, vingine bila kufanya kazi ya kutosha hata kulipa deni lililovijenga.

Sababu zinajulikana. Watu walihamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki porini mbali na mwenye kuipalilia. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakanyauka. Bei ya mkulima ikawa ndogo, kwa sababu Mamlaka ya Korosho iliyowekwa miaka ile ya 1970 ilikuwa na makato yake mengi kabla fedha haijamfikia mwenye shamba. Na mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, mkulima akabaki hana mahali pa kusemea mpaka sheria mpya ya mwaka 1982 ilipoviruhusu virudi.

Tazameni vizuri sababu hizo, kisha mtuambie: uvivu uko wapi? Uvivu haupo. Kilichopo ni amri kutoka juu bila kuuliza waliopo chini. Waliohesabu tani za kiwanda hawakumwuliza mkulima kama atazileta. Mashine iliagizwa mbali, kifaa kikivunjika kinangoja fedha za kigeni, na fundi wa hapa ambaye angeweza kusema "mashine hii inaponda viini" hakuwa na baraza la kulisemea.

Au tuseme baraza lilikuwapo, lakini la jina. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, na katika ibara ile ya 15 ukakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na ubwana juu ya watu. Wafanyakazi waliusoma, wakauelewa kuliko mabwana wakubwa walivyotarajia. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa Dar es Salaam walisimama, na mara nyingi kilichowasimamisha hakikuwa mshahara. Ni matusi ya meneja. Ni dharau. Lakini mabaraza yale yalipewa kushauri tu, na uamuzi ukabaki kwa meneja yule yule. Mwenye kushauri bila nguvu huchoka, na akichoka hunyamaza. Tumerudi pale pale.

Baadaye viwanda vikauzwa kwa watu binafsi. Tuliambiwa mwenye mali atakuwa na uchungu na mali yake. Baadhi ya waliouziwa wakavifanya maghala! Korosho ghafi ikaingia mlango wa mbele, ikatoka mlango wa nyuma, ikaenda bandarini Mtwara, na hadi miaka ya karibuni zaidi ya tisa ya kila sehemu kumi za korosho zetu zilisafirishwa bila kubanguliwa, zikaenda India na Vietnam kuwapa kazi watu wa huko. Kwa hiyo msidanganywe kwamba tatizo ni Serikali tu, au kwamba tatizo ni mtu binafsi tu. Tumeviona vyote viwili. Shirika la umma lenye meneja asiyesikia lilikufa, na kampuni ya mtu binafsi yenye meneja asiyesikia inakufa pia.

Hata ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Msumbiji, imekuwa hivyo hivyo. Miaka ya 1990 viwanda vyao vya korosho viliuzwa, kisha masharti ya Benki ya Dunia yakalegeza ushuru uliokuwa unazuia korosho ghafi kutoka, na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi bila wao kuulizwa neno. Huko nako baada ya mwaka 2000 ubanguaji uliinuka tena kwa viwanda vidogo, vyenye mashine za mkono na mguu, ambapo mkono wa mtu ndio unaookoa kiini. Mkono huo hauendi kwa kufokewa.

WANAOTUPINGA TUNAWAJIBU

Tunajua wapo watakaosimama mkutanoni na kutupinga. Karibuni, ushirika ni kujadiliana. Lakini majibu yetu ni haya.

Wa kwanza atasema: "Tukiibana kampuni itakimbia, na ajira zitapotea." Ndugu, ajira gani hizo? Ajira ambazo zimekwisha kutangaziwa kwamba watapewa watu wa mbali? Kampuni inatuambia waziwazi kwamba inataka ghala letu lakini haitutaki sisi. Tukikubali hivyo tutabaki na moshi na maganda.

Wa pili atasema: "Kampuni ni mali ya mtu, anaamua atakavyo." La hasha! Mashine ni zake, watu si wake. Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inasema mfanyakazi apewe kwa maandishi masharti ya kazi yake. Inasema mshahara usikatwe ovyo ovyo. Inampa mama mwenye mtoto mchanga muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na ipo sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, si amwuzie. Kulipwa kwa kilo hakumfanyi mtu kuwa punda.

Wa tatu atasema: "Mbona akina mama wenyewe hawajalalamika?" Huyu ndiye anayetukera zaidi. Mtu umemziba mdomo halafu unasema mbona kimya! Wamelalamika kwa midomo wakaambiwa kesho usije. Sasa wanalalamika kwa miguu: wanaondoka. Huo ndio unaoitwa utoro. Utoro ni barua ya mtu aliyenyimwa kalamu.

Wa nne atasema: "Chama kimekodisha jengo tu, mambo ya ndani hayatuhusu." Hapo ndipo penye hatari kubwa, na lazima tuseme kwa kirefu kidogo.

KODI YA GHALA ISITUFUMBE MACHO

Ghala lile nani alilijenga? Lilijengwa kwa makato ya kila kilo ya korosho iliyopita Chamani, msimu baada ya msimu. Kila tofali lina jasho la mtu. Wanaobangua mle ndani ni wake zetu, dada zetu, mabinti zetu na wakwe zetu. Sasa Chama kikipokea kodi kwa mkono wa kulia, huku kwa mkono wa kushoto kinaziba masikio, Chama kimekuwa mshirika wa unyonyaji. Ushirika maana yake si jengo wala mhuri. Ushirika ni watu kusikilizana.

Tena tusijidai kwamba ugonjwa wa kutosikiliza ni wa makampuni peke yake. Nyani haoni kundule. Mwezi Aprili 2013, kule Liwale, wakulima waliokuwa wanangoja malipo ya pili ya korosho waliona wanapewa pungufu ya walichoahidiwa, na hasira ikawaka mpaka nyumba za watu zikachomwa moto, zikiwamo za viongozi wa ushirika. Sisi hatusifu moto. Aliyechomewa nyumba ana watoto kama wewe. Lakini moto ule haukuanza siku ile. Ulianza siku ya kwanza mkulima alipouliza hesabu na asijibiwe. Viongozi wa kampuni na viongozi wa Chama, wote walijifunze hilo.

Kwa hiyo tunachokidai kwa kampuni tunakidai na kwetu. Mzani wa Chama msimu wa mnada uendelee kukaa hadharani. Hesabu za makato zibandikwe ukutani hapa, karibu na karatasi hii, kila baada ya mnada. Tukifanya hivyo tutakuwa na uso wa kumwambia mpangaji wetu: nawe weka mzani wako wazi.

MASHARTI TUNAYOYAPENDEKEZA

Sisi hatusemi kampuni ifukuzwe. Tunataka kubangua kuendelee, na kuongezeke. Kila kilo inayobanguliwa hapa ni kazi iliyobaki hapa. Tunachosema ni kwamba mkataba usiongezwe hata mwaka mmoja mpaka haya yaandikwe ndani yake:

1. Mzani urudi ukumbini. Mbanguaji aone namba yake na aandikiwe mbele yake.

2. Malipo yawe na siku yake maalumu. Mzigo kutouzwa si shida ya aliyekwisha kuubangua.

3. Makato ya vipande yafutwe, mpaka kampuni ionyeshe kwamba korosho zimechekechwa, zimechemshwa muda wake na zimepumzishwa. Mwenye kosa ndiye alipe.

4. Glavu, majivu au mafuta ya kupaka, na maji ya kunawa vitolewe na kampuni bila malipo. Kampuni isitoe kisingizio cha shida ya maji ya Uwanda wetu. Shida hiyo tunaijua kuliko wao, na tanki la kuvunia maji ya mvua tunajua kulijenga.

5. Wasimamizi wachaguliwe kutoka miongoni mwa waliobangua. Ushemeji si cheti.

6. Kila mbanguaji apewe mkataba wake kwa maandishi, kwa Kiswahili, na kampuni imchangie katika mfuko wa hifadhi ya jamii kama sheria inavyotaka. Asiachishwe mtu bila kuelezwa kosa na kusikilizwa.

7. Kiwepo kikao cha kila mwezi kati ya meneja na wawakilishi wa wabanguaji, na mjumbe mmoja wa Bodi ya Chama ahudhurie. Yatakayokubaliwa yaandikwe na kubandikwa. Kikao cha kushauri tu tulikwisha kukiona katika historia, hatukitaki tena.

8. Wenyeji wapewe nafasi kwanza. Akina mama walioondoka kwa sababu ya matusi waitwe warudi, waombwe radhi.

Mtaona kwamba katika masharti manane hakuna hata moja linalodai mshahara upandishwe maradufu. Hayo yana wakati wake. Haya tunayoyadai sasa mengi yalikuwapo msimu wa kwanza, na kampuni ilipata faida msimu ule. Maana yake ni kwamba kampuni inaweza. Ilipoacha kuwaheshimu watu ndipo viini vilipoanza kuvunjika.

MWISHO

Ndugu Wanachama, jambo moja la kukumbuka. Wengi wa wabanguaji si wanachama wenye kura, kwa sababu mikorosho imeandikwa majina ya waume au baba zao. Yaani watakaoamuliwa hawamo katika kuamua. Kwa hiyo tunaomba Bodi iwaalike waje Mkutano Mkuu, wapewe nafasi ya kusema kabla ya kura kupigwa, na asiwepo wa kuwakatiza. Na wewe mwanachama mwenye mke au binti pale kiwandani, kabla hujaja mkutanoni kaa naye jioni, mwulize, kisha nyamaza umsikilize. Tazama mikono yake. Barua ya kampuni umekwisha kusomewa, sasa soma na ile mikono.

Tuje wote, tusiseme wengine watatusemea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hapa tumekwisha kuona kuta za viwanda zilizobaki bila watu ndani.

Mzani uwe wazi! Anayefanya kazi asikilizwe!

Ni sisi,
Kamati ya Elimu ya Chama.

(Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Karatasi hii isichanwe. Mwenye jibu naye aandike, tutalibandika hapa hapa.)